Kipepeo Mkubwa Kuliko Wote Afrika

Papilio antimachus huishi katika misitu ya mvua kuanzia Sierra Leone hadi Kongo na magharibi mwa Uganda. Mbawa za dume zikitandazwa hufikia sentimita 20 au zaidi: ndefu, nyembamba, rangi ya machungwa iliyokoza yenye mabaka meusi. Mwili wake una sumu inayowafanya ndege wamwache. Madume hushuka kufyonza chumvi kwenye matope ya kandokando ya mito. Majike hubaki juu vileleni mwa miti, hivyo huonekana kwa nadra mno. Inasikitisha kwamba kiumbe huyu wa ajabu, aliyeelezwa kisayansi tangu 1782, bado ameorodheshwa na shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, kuwa spishi yenye taarifa pungufu. Wakusanyaji humtafuta sana, lakini ukataji wa misitu ndio unaomnyang'anya makazi.