"It didn't pan out": karai la California na mlima wetu wa Bisie

Kila mwenye alipitia darasa la Kiingereza anakumbuka ile kazi ya "tunga sentensi tano". Unapewa msemo, unauingiza katika maisha ya kila siku, unapata pointi zako, unausahau. Leo tuchukue msemo mmoja tu: "pan out". Wenye kuongea Kiingereza wanausema juu ya jambo lenye limefaulu, mpango wenye umetoa matunda. Lakini ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi wanausema kwa kukana. "The job didn't pan out": ile kazi haikutembea. "We wanted to marry, but it didn't pan out": tulitaka kuoana, haikutembea.

Juu ya nini neno la mafanikio linapenda kukaa upande wa kukosa? Jibu liko mtoni.

Tarehe 24 Januari 1848, seremala mmoja, James Marshall, aliona vipande vya dhahabu katika mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao alichokuwa anamjengea John Sutter, pale Coloma, California. Ndani ya miaka michache watu karibu 300,000 walikimbilia kule. Chombo cha mtu asiye na feza kilikuwa karai, lenye kwa Kiingereza linaitwa "pan". Unachota mchanga na maji, unazungusha, unamwaga kidogo kidogo. Mchanga mwepesi unaenda na maji, dhahabu nzito inabaki chini. Kikibaki kitu, karai limetoa. Kisipobaki, unachota tena mpaka jua linashuka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 neno likatoka mtoni likaingia mjini, watu wakalisema juu ya biashara, kazi na ndoa. (Wafaransa nao wana yao: "trouver le filon". Sisi wa Walikale hatuna haja ya kufafanuliwa filon ni nini.)

Sasa angalia nani alitajirika. Marshall alikufa maskini mwaka 1885. Sutter alivamiwa shamba na wachimbaji, akafilisika. Wenyeji asili wa California waliuawa kwa maelfu na kunyang'anywa ardhi yao. Tajiri wa kwanza kwanza alikuwa mwenye duka, Samuel Brannan. Alitembea San Francisco akitangaza dhahabu kwa sauti, wakati duka lake lilikuwa limekwisha kujazwa vyombo vya kuchimbia. Yeye hakuwa na lazima karai litoe. Alitaka tu watu waamini kwamba litatoa.

Turudi nyumbani. Kasiterite, ile yenye inatoa bati, ni nzito pia, na inaoshwa kwa akili ile ile: maji yanachukua udongo, jiwe linabaki. Karibu mwaka 2002 iliyo nyingi sana ilianza kuchimbwa Bisie, ndani ya pori la territoire yetu. Watu walikuwa bado wanakumbuka homa ya coltan ya mwaka 2000, bei ilipopanda kama moshi halafu ikaanguka 2001, na kuacha mashimo na madeni. Lakini mwaka 2004 bei ya bati duniani nayo iliruka. Sababu moja ilikuwa viwanda vya elektroniki kuanza kuacha risasi katika kulehemu na kuweka bati zaidi. Ulaya ilifanya hiyo kuwa sheria kuanzia Julai 2006. Kijana wa Walikale alikuwa anapiga nyundo chini ya ardhi juu ya sheria iliyoandikwa mbali kabisa, na hakuna mwenye alimwambia.

Njia ya Bisie njo somo lenyewe. Kutoka mlimani mpaka Njingala, barabarani, ni mwendo wa kilomita karibu 40 porini, tope na mito, na mfuko wa kilo 50 mgongoni. Kurudi, watu walibeba bia, mchele, sabuni, kila kitu, na kila kitu kiliuzwa kule kwa bei ya kuumiza. Kutoka Njingala mzigo ulienda Kilambo, mahali ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, halafu Goma, kwa wanunuzi wakubwa wenye tunaita comptoir. Mpaka mwaka 2009 wanajeshi wa brigade ya 85 walikuwa wanashika mgodi na kutoza kodi yao. Walipoondolewa, wengine wenye bunduki wakashika nafasi.

Mwenye shimo tulimwita PDG. Jina kubwa! Lakini PDG mingi alikuwa na deni kabla ya kuona jiwe: alikopa chakula, betri na nyundo, akilipa wachimbaji kwa ahadi. Shimo likitoa, wenye kudai walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Mwenye hakukosa ni yule wa barriere. Mfuko ukiwa na jiwe zuri au baya, kodi inalipwa. Samuel Brannan angemtambua mara moja.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Ruhusa ilirudi Machi 2011. Katika miezi ile wanafunzi wengi hawakupata minerval, juu ya wazazi walikuwa wanaishi kwa jiwe. Baadaye kampuni ya Alphamin ilikuja na mashine, ikaanza kutoa bati mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000. Machi 2025, M23 ilipokaribia na kisha kuingia Walikale-centre, kampuni ilifunga kazi, na bei ya bati London ikapanda. Mwezi wa 4, waasi walipokwisha kutoka centre, mashine zikaanza tena.

Tusome sasa gramatika ya ule msemo. Katika "it didn't pan out", mwenye kutenda ni "it", ile kazi, ule mchanga. Mtu hayuko ndani ya sentensi. Mwingereza hasemi "I didn't pan out", isipokuwa kwa mzaha. Sisi lakini, kijana akirudi kutoka Bisie mikono mitupu, tunasema "ameshindwa maisha". Mwenye diplome ya miaka mitano anayeuza mikopo ya simu Goma, tunasema vile vile, na wengine wanaongeza "ni muvivu". Tunamweka yeye mwenyewe mahali pa mchanga.

Wenye kusema jitihada ina mchango wake wana haki: mtu asiyechota hapati, na kuna wenye walikunywa kila kitu mlimani. Lakini wachimbaji wa shimo moja na wa shimo jirani walipiga nyundo sawasawa, saa sawasawa. Mmoja alirudi na pikipiki, mwingine na kikohozi. Kiswahili chetu cha Kivu kinalo tayari neno la huyu wa pili, na halimtukani: haikutembea.