Saa ya Bakteria na Msitu wa Kodera

Leo naweka hifadhidata kando kidogo, ingawa mwishoni tutarudi kwenye programu, maana ndiko ninakokula.

Usiku wa 3 Septemba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, alitekwa nyara pamoja na mwandishi wa habari. Mwandishi aliruka kutoka garini akaponea. Mwanafunzi aliuawa, mwili ukapatikana msitu wa Kodera, Homa Bay. Mambo ya kesi nawaachia mahakama. Linalonishika mimi ni saa. Safari hiyo saa haikusumbua: mwili ulipatikana mapema, na shahidi alikuwa hai. Je, ungekaa humo wiki tatu za mvua, bila shahidi? Mshukiwa angesema "siku hiyo sikuwepo", na nani angembishia?

Swali ni la kale. Mwaka 1894 Mfaransa Mégnin alieleza jinsi wadudu wanavyoijia maiti kwa zamu. Mwaka 1981 Bill Bass akaanza kuweka maiti nje kule Knoxville, Marekani, aone zinavyooza. Bakteria walisubiri muda mrefu, kwa kuwa wengi hawakubali kuoteshwa maabara. Ilibidi kwanza tuweze kusoma DNA yao kwa bei nafuu.

Nao wana zamu zao. Moyo ukisimama, kinga inakufa na oksijeni inakwisha. Bakteria wa tumboni wasiohitaji hewa wanazaana, gesi inafura, ngozi inapasuka, maji yenye naitrojeni yanaingia udongoni. Hapo wenyeji wapya wanashika usukani, wengine wakiletwa na nzi.

Mwaka 2013 Jessica Metcalf na wenzake walifuata panya waliokufa kwa siku 48, wakakadiria muda wa kifo kwa kosa la siku 3 hivi. Mwaka 2024 timu yake ilitoa matokeo ya maiti 36 za watu waliojitolea, sampuli zikichukuliwa kila siku kwa siku 21. Kosa likabaki siku 3 hivi.

Sasa programu. Walitumia mbinu iliyoelezwa na Leo Breiman mwaka 2001: miti mingi ya maamuzi, kila mti unakisia, kisha makisio yanaunganishwa. Nayo inaitwa msitu (kweli kabisa!). Unaulisha orodha ya bakteria, unakupa siku.

Lakini kila anayeandika programu anajua: mashine inajua ulichoifunza tu. Maiti zote 36 zilikuwa Tennessee, Texas na Colorado, katika majira manne ya kwao. Kundi la waozeshaji wale wale lilionekana kote, hilo linatia moyo. Ila Kodera iko jirani na ikweta, haina majira ya baridi kali, na joto na unyevu ndivyo vinavyoendesha saa hii. Kabla ya kuipeleka mahakamani Homa Bay ingebidi ipimwe kwa udongo wa huku, hata kwa mizoga ya nguruwe. Vinginevyo wakili atauliza swali moja tu: programu yako ilifunzwa wapi?