Kumsikia Homer kwa Lugha ya Wengine

Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba, mwaka 1816, katika mtaa wa Clerkenwell mjini London, vijana wawili walikesha juu ya kitabu kikubwa cha kuazima. Mmoja alikuwa Charles Cowden Clarke, mwana wa mwalimu. Wa pili John Keats, mwanafunzi wa utabibu ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 21. Kitabu chenyewe kilikuwa tafsiri ya Homer iliyofanywa na George Chapman, ambayo ilikuwa imepigwa chapa nzima miaka 200 kabla ya usiku ule. Keats hakujua Kiyunani. Walitafuta mahali palipo mashuhuri, wakapasoma kwa sauti. Na Clarke aliandika baadaye kwamba walipofika pale Odysseus anapotupwa pwani na mawimbi, nguvu zimemwishia na maji ya bahari yanamtoka puani na kinywani, rafiki yake alimkodolea macho kwa furaha. Waliagana alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi Clarke alikwisha kupokea shairi la mistari 14, ambalo Keats alilitunga katika muda huo mfupi akalipeleka.

Jina la shairi hilo lataja kutazama kitabu, lakini ndani yake mtungaji asema kuwa alimsikia Chapman akinena kwa sauti kuu. Wasomaji wengi huipita hitilafu hii bila ya kuiona. Hata hivyo ndani yake imo historia nzima ya tenzi za Homer, ambazo zilizaliwa katika sikio, zikahamia jichoni, na katika siku zetu zimeanza kurudi zilikotoka.

Kwamba zilizaliwa katika sikio, zenyewe zatoa ushahidi. Katika sehemu ya nane ya Odyssey yumo mwimbaji kipofu, Demodokos, katika jumba la mfalme Alkinoos. Mpiga mbiu humshika mkono, humkalisha kitini katikati ya wageni, humwonyesha kinubi kilipotundikwa ili apate kukifikia. Aimbapo habari za vita vya Troy, mgeni asiyejulikana jina hufunika uso kwa joho lake na kulia. Mgeni huyo ni Odysseus, na habari anazosikia ni zake mwenyewe. Yapata karne mbili baadaye, mjini Athens, nyimbo hizo zilisomwa mbele ya umati katika sikukuu ya Panathenaia. Mazungumzo yaliyohifadhiwa pamoja na maandiko ya Plato yamtaja Hipparchus, mwana wa Peisistratos, kuwa ndiye aliyewalazimisha wasomaji kufuatana kwa zamu, kila mmoja aanzie pale alipokomea mwenziwe. Wasomaji hao walikuwa mafundi wa kazi yao. Ion, ambaye Plato alimpa jina lake kitabu kidogo, akiri kwamba asomapo huwatupia macho wasikilizaji. Wakilia wao, yeye atacheka kwa sababu ya fedha atakayopata.

Haya yote yalijulikana kwa wanazuoni, lakini kwa muda mrefu hayakuwa na uzito. Homer alisomwa kama kitabu, na marudio yake yalihesabiwa kuwa kasoro ya mzee anayesahau alilokwisha kusema. Aliyeubadili mwenendo huo alikuwa Mmarekani, Milman Parry. Alionyesha kwamba yale majina ya sifa, Achilles mwepesi wa miguu, Odysseus mwingi wa hila, yanafuata mahitaji ya mizani: mwimbaji anaye jina moja tayari kwa kila nafasi ya mstari, naye huliokota kama fundi seremala aokotavyo chombo bila ya kukitazama. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Parry alikwenda Yugoslavia pamoja na msaidizi wake, Albert Lord, kuwasikiliza waimbaji waliokuwa hai. Huko Bijelo Polje walimkuta Avdo Međedović, mkulima asiyejua kusoma wala kuandika, aliyewapa utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000, urefu ambao wakaribia ule wa Odyssey. Parry alifariki mwishoni mwa mwaka 1935; Lord akaendelea na kazi hiyo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1960.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufika Yugoslavia ili alielewe jambo hili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, wahusu vita na Herakli, mfalme wa Rumi aliyetawala watu wa lugha ile ile ya Kiyunani. Ni kweli kwamba uliandikwa kwa kalamu, na jambo hilo lautenga na nyimbo za Avdo. Lakini tenzi za pwani ziliandikwa zipate kughaniwa mbele ya watu, na kina cha mwisho kirudicho katika kila ubeti humfanyia msikilizaji kazi ile ile ya majina ya sifa ya Homer. Sikio linahitaji mahali pa kupumzika.

Sasa tafsiri. Pope, aliyetoa Iliad yake kati ya mwaka 1715 na 1720, aliifunga mistari yake miwili miwili kwa vina, mpaka bahari ya Homer ikawa bustani. E. V. Rieu, ambaye Odyssey yake ya mwaka 1946 iliuzwa sana, aliiacha mizani akaandika nathari. Kitabu cha namna hii ni chepesi kwa jicho. Lakini sikio hulishwa hadithi, likanyimwa mwendo wake. Mwaka 1959 redio ya BBC ilimwagiza Christopher Logue, mshairi asiyejua Kiyunani, aandike sehemu ya Iliad ya kusomwa hewani, naye akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kisha zikaja rekodi: Ian McKellen akaisoma Odyssey ya Robert Fagles, na baada ya Emily Wilson kutoa tafsiri yake ya Odyssey mwaka 2017, mwigizaji Claire Danes aliisoma nzima. Mtu aweza kuisikiliza huku akipika, au akiwa safarini, saa baada ya saa, kama watu wa Athens.

Wilson alirudisha mizani, nayo ni ile ya Kiingereza yenye mapigo matano. Tena alijifunga kutozidi idadi ya mistari ya Homer. Kwa hiyo masimulizi yake yanakwenda mbio, na kwenda mbio ni sifa ya kwanza ambayo Matthew Arnold, katika mihadhara yake ya Oxford ya mwaka 1860 na 1861, aliitaja kuwa ni ya Homer. Lakini mfasiri huyu huyu aliamua kuyabadilisha marudio. Alfajiri, ambaye katika Kiyunani anavyo vidole vya waridi kila aamkapo, kwake hupewa maneno mapya karibu kila mara. Sababu aliyotoa ni kwamba mtu aliyezoea vitabu huyaruka marudio. Hoja hiyo ni njema kwa kitabu. Katika rekodi haina nguvu, kwani asikilizaye hawezi kuruka. Nayo alfajiri irudiyo na uso ule ule humwambia, bila ya kumkatiza, kwamba siku mpya imeingia. Hivyo mizani yake ni ya sikio, na maneno yake, mahali hapa, ni ya jicho.

Mahali pengine sikio linamshukuru. Katika sehemu ya 22, baada ya wachumba kuuawa, wanawake 12 wa nyumba waliolala nao hulazimishwa kubeba maiti na kuosha damu. Kisha Telemachus huwanyonga kwa kamba ya merikebu. Wafasiri wengi waliwaita watumishi. Neno la Kiyunani, dmoai, maana yake ni watumwa wa kike, na msomaji wa pwani, ambako Unguja ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1897, ajua umbali uliopo kati ya mtumishi na mjakazi. Isitoshe, pale Telemachus anapowataja kwa kiwakilishi kitupu cha jinsi ya kike, Fagles na Robert Fitzgerald walimtia kinywani matusi ya uzinzi ambayo Homer hakuyasema. Katika kitabu, msomaji mwenye shaka aweza kusimama na kutafuta maelezo. Katika rekodi tusi hutoka kwa sauti nzuri ya mwigizaji, likapita, na hadithi ikaendelea. Asikilizaye hana namna ya kujua kwamba lilitiwa London au Marekani. Wilson aliwaita watumwa, na matusi hakuyatia. Inayosikika hapo ni mifano tu ya ndege walionaswa mtegoni wakirudi kulala, na miguu inayotapatapa kwa muda mfupi, kisha ikatulia.