Safari ya Vitone

Mwaka 77, Pliny Mzee alimtolea Titus, mwana wa kaisari wa Roma, kazi yake kubwa kuhusu maumbile. Ina vitabu 37, na cha kwanza karibu chote ni orodha ya yaliyomo katika 36 vinavyofuata, ili mkubwa yule mwenye shughuli nyingi asome alichohitaji tu. Orodha hiyo haikuwa na namba za kurasa. Zingetoka wapi? Gombo halina kurasa, na hata vitabu vya kurasa vilipokuja, kila mnakili alikuwa na mwandiko wake, kwa hiyo sura iliyoanza ukurasa wa 40 kwake ingeweza kuangukia wa 52 kwa mwenzake. Uchapaji ndio ulioleta nakala zinazofanana, na kuanzia miaka ya 1470 namba zikaanza kuchapwa.

Hapo likazuka tatizo la jicho: kichwa cha sura kushoto, namba kulia, katikati jangwa. Wapangaji wa herufi za risasi walilijaza kwa vipande vya chuma vyenye vitone.

Wapo wasiovipenda vitone hivi, akiwemo Robert Bringhurst, bingwa wa usanifu wa herufi. Kwa diwani ya mashairi namwunga mkono. Kwa tasnifu ya kurasa 150, hapana.

Mwaka 1977 Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alichukizwa na sura ya kurasa za majaribio za kitabu chake, akaamua kuunda programu yake ya kupanga maandishi, TeX. Humo vitone havichapwi kimoja kimoja. Unaiambia programu ijaze nafasi, nayo inavipanga kwa vipimo vya mstari mzima, hivyo kitone cha mstari wa juu kinakaa sawasawa juu ya kile cha chini. Jaribu kufanya hivyo kwa kubonyeza kitufe cha nukta, kama wafanyavyo wanafunzi wengi, kisha ongeza neno moja kwenye kichwa cha sura uone namba zinavyoyumba.

LaTeX, aliyoijenga Leslie Lamport juu ya TeX, inaandaa yaliyomo yenyewe, ila haijui namba kabla kitabu hakijapangwa. Mzunguko wa kwanza huziandika kwenye faili la pembeni, wa pili huzisoma. Lakini yaliyomo nayo hula kurasa na kuzisukuma sura mbele, kwa hiyo mara nyingi unahitajika wa tatu. Ukiishia wa pili, msahihishaji atafuata vitone hadi 47, akute sura iko 49, na kuanzia hapo atazitilia shaka hata takwimu zako.