Kuzalishwa na Mwanamke: Haki ya Zamani na Deni Lake



Katika miji yetu hii ya pwani liko jambo ambalo hutokea usiku na mchana kwenye milango ya hospitali. Mke ameshikwa na uchungu, amefikishwa salama, na mumewe au mama yake aomba: tafadhalini, apatiwe mkunga wa kike, au daktari wa kike. Pengine huitikiwa kwa wema. Pengine huambiwa kuwa walioko zamu ni wanaume. Na pengine hujibiwa kwa kejeli, kana kwamba wameomba jambo la kishamba lililozuliwa jana. Leo nataka tuitazame historia ya ombi hili, kwani wengi wanaolikejeli hawaijui. Na wengi wanaoliomba, nawaomba wasinikasirikie, hawaijui vile vile.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Bibi Maria aliyetoka Misri alimzalia Mtume (S.A.W.) mwana aliyeitwa Ibrahim. Aliyempokea mtoto huyo alikuwa Bibi Salma, mke wa Abu Rafii, na waandishi wa mwanzo wa sira wamemtaja kwa kazi yake hiyo hiyo ya ukunga. Abu Rafii ndiye aliyepeleka bishara kwa Mtume, naye akapewa zawadi kwa furaha ya siku ile. Bibi Salma hakuwa peke yake miongoni mwa wanawake wenye ujuzi wa tiba. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake katika msikiti wa Madina, na humo ndimo alimotibiwa Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra. Bibi Umm Atiyya alitoka katika vita saba pamoja na Mtume, akiwapikia askari, akifunga majeraha na kuwauguza wagonjwa. Basi tazama vizuri: wanawake hawa waliwatibu hata wanaume, kwa kuwa haja ilikuwapo na ujuzi ulikuwa mikononi mwao. Stara na dharura zilijulikana zote mbili tangu siku zile, na hapana iliyomfukuza mwenziwe.

Wanavyuoni waliofuata waliupa ukunga mahali pake katika sheria. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni, kama uzazi na aibu za wanawake zilizo chini ya nguo, huthubutu kwa ushahidi wa wanawake wanne bila ya mwanamume kati yao. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wakatosheka katika uzazi na mwanamke mmoja mwadilifu. Hili si jambo dogo. Mtoto akizaliwa, akalia mara moja kisha akafa, huwa amerithi na hurithiwa; na chumbani mlimosikika kilio hicho hamkuwa na mwanamume. Mali ya ukoo mzima yaweza kusimama juu ya kauli ya wanawake waliokuwamo. Kadhi anawasikiliza kwa sababu sheria yenyewe imechukulia kuwa chumba cha uzazi ni chumba chao.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alipomaliza Mukadima yake mwaka 1377 aliutengea ukunga mlango wake katika sehemu ya ufundi unaohitajiwa na kila mji. Asema kwamba kazi hii aghlabu ni ya wanawake kwa kuwa wao ndio wanaoruhusiwa kuona tupu za wenzao. Kisha aeleza kazi yenyewe kama mtu aliyeuliza sana: namna mkunga anavyomsaidia mzazi kwa kumkanda, namna kitovu kinavyokatwa, namna viungo laini vya mtoto vinavyonyooshwa, na hadhari ya kondo la nyuma lisichelewe kutoka. Tena aongeza neno ambalo madaktari wengi hawapendi kulisikia: kwamba katika maradhi ya mtoto mchanga, mpaka aachishwe ziwa, wakunga hao ni wajuzi kuliko tabibu stadi. Alikuwa kadhi mkubwa, mtu wa siasa na vitabu, lakini hakuona haya kulisema.

Kwa hiyo haki hii ni ya zamani. Lakini haki bila ya mtu wa kuitekeleza ni maneno tu, na hapa ndipo nataka tuende Misri, tukakae huko kidogo, kwani kisa chake kinatuhusu mno.

Muhammad Ali Pasha alipokuwa akitawala Misri alimwita tabibu wa Kifaransa, Antoine Clot, aliyekuja kujulikana kwa jina la Clot Bey. Huyu alifika mwaka 1825, na mwaka 1827 ikafunguliwa shule ya udaktari huko Abu Zaabal, nje ya Cairo. Shule ilikuwa ya wanaume, na jeshi ndilo lililohitaji madaktari. Punde ikaonekana kuwa nusu ya watu wa nchi hawafikiwi. Ndui ilikuwa ikiua watoto, wanawake walikuwa wakifa kwa uzazi, na hapana bwana wa nyumba aliyekuwa tayari kumfungulia mlango daktari mwanamume aingie kwa wake zake. Basi mwaka 1832 ikafunguliwa shule ya kuwafundisha wanawake. Mwenye kuhitimu aliitwa hakima, yaani tabibu wa kike.

Na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa nani, ndugu msomaji? Walikuwa wasichana kumi Wahabeshi na Wasudani walionunuliwa katika soko la watumwa la Cairo, wakaongezwa na matowashi wawili wa kasri. Baadaye wakaingizwa mayatima waliookotwa hospitalini, wasiokuwa na baba wa kuwakatalia. Wazazi waungwana hawakutaka kuwatoa binti zao. Wakubwa wa nyumba wale wale waliokuwa wakisema mke wangu haguswi na mwanamume, walikuwa wakisema pia binti yangu haendi shule hiyo. Wakataka stara ya nyumba zao ilindwe, na mzigo wa kuilinda wakaachiwa mabinti walioletwa kwa nguvu kutoka makwao. Mimi kila nikisoma kisa hiki hukaa kitako nikafikiri.

Mabinti hao walisoma. Masomo yalikuwa ya miaka sita. Walianza kwa kujifunza kusoma na kuandika Kiarabu, ndipo wakaingia katika ukunga, kuchanja ndui, kufunga majeraha na kuchanganya dawa. Mwaka 1837 shule ilihamishiwa Cairo. Aliyehitimu alipewa cheo cha luteni wa pili na mshahara wa serikali. Na serikali ikamtafutia mume miongoni mwa madaktari waliohitimu shule ya wanaume, wakapewa na nyumba yenye vyombo. Walipangiwa kazi za kuchanja watoto, kuwakagua wanawake karantini, kuwatazama maiti wa kike ili ijulikane wamekufa kwa nini, na kuwasimamia wakunga wa mitaani, ambao Wamisri huwaita daya. Tamruhan, Mhabeshi aliyesoma hapo, alifika kuwa mwalimu mkuu wa shule, na binti yake Jalila akamfuata katika kazi, akatunga kitabu cha Kiarabu juu ya ukunga. Hebu fikiri: ukoo ulioanzia utumwani umewaachia Waislamu wa Misri ilimu kwa lugha yao.

Hata hivyo, nisikupambie mambo. Wanawake wengi wa Misri waliendelea kumwita daya wao. Daya alikuwa jirani. Alimzalisha mama, akamzalisha binti, akaja siku ya saba, akaambiwa siri za nyumba. Hakima alikuwa mtu wa serikali, na serikali ile ilikuwa ikichukua vijana jeshini na kuandika majina ya watu. Kuwa mwanamke peke yake hakukumtosha kuaminiwa. Hili nalo tulishike: mke anayeomba mwanamke chumbani hatafuti umbo tu, atafuta mtu atakayemstahi. Muuguzi wa kike anayemkaripia mzazi na kumwacha wazi mbele ya wapitao hajamsitiri.

Waingereza walipoikalia Misri mwaka 1882, mambo yakageuka. Masomo ya hakima yakapunguzwa, akarudishwa chini kuwa muuguzi na mkunga wa amri, na uzazi mgumu ukawa wa daktari mwanamume. Ndipo kikatokea kisa ambacho Wamisri hupenda kukihadithia. Mwezi wa Desemba 1911, katika mtaa wa Gamaliyya, Cairo, mke wa bwana mmoja Mwislamu alishikwa na uchungu ukamkalia vibaya, mkunga akashindwa. Akaitwa daktari Naguib Mahfouz, mwanamume, tena Mkristo wa Kikopti, aliyekuwa bingwa wa uzazi. Mama akapona na mtoto akapona, na baba akampa mtoto jina la daktari, lote zima. Mtoto huyo ndiye Naguib Mahfouz mwandishi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Vitabu vyake si mazungumzo yetu leo. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya baba yake, mtu wa dini na wa mila za zamani, ambaye saa ya dharura ilipofika hakumwacha mkewe afe mlangoni.

Huku kwetu pwani, bibi zetu walizaliwa mikononi mwa wakunga, nao walijua kukanda, kuogesha, na kumtunza mzazi mpaka arobaini yake. Walikuwa na heshima kubwa, ingawa hawakuwa na dawa ya kusimamisha damu wala kisu cha kumwokoa mtoto aliyekaa mshazari. Unguja kilianzishwa Chama cha Uzazi mwaka 1918 ili wanawake wa mji wapate huduma bora, matajiri wa Kihindi na wa Kiarabu wakachangia. Lakini historia yake ilijaa mivutano ya wakubwa juu ya nani atoe fedha na nani awe na sauti, mpaka kilipokwisha mwaka 1947. Nasi mpaka leo tunao mabwana wanaochangia kwa moyo ujenzi wa mnara, na ukiwaambia habari ya kumlipia msichana karo ya uuguzi hutazama saa.

Mwezi wa Juni 1993 wanavyuoni wa Baraza la Fikihi lenye makao yake Jeddah walikutana Brunei wakalitolea jambo hili kauli. Mwanamke mgonjwa atazamwe na tabibu Mwislamu wa kike. Akikosekana, tabibu wa kike asiyekuwa Mwislamu aliye mwaminifu. Akikosekana, Mwislamu mwanamume. Akikosekana, mwanamume asiyekuwa Mwislamu. Mwanamume aone kile tu kinachohitajiwa na tiba, ainamishe macho kadiri awezavyo, na awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Wengi wetu twaujua mpango huo, twausoma kwa sauti. Ila wanavyuoni wale waliongeza wasia ambao husahauliwa: mamlaka za afya zifanye juhudi kubwa kuwatia wanawake katika ilimu ya tiba, khasa magonjwa ya wanawake na uzazi, kwa kuwa ni wachache, ili watu wasilazimike kuishi daima katika ruhusa ya dharura.

Sasa wewe baba uliye na binti anayependa sayansi, ukimtoa shule kwa kuwa amekwisha vunja ungo, jua ni nani unayempunguza katika zamu ya usiku. Na wewe mume ambaye mkeo ni mja mzito, usingoje uchungu ndipo uanze kuomba. Nendeni pamoja kliniki mapema, muulize ni nani huzalisha hapo na ni nani huitwa pakihitajika upasuaji, na liombeni hilo kwa adabu, liandikwe katika kadi yake. Mkubaliane nyumbani, kabla ya siku, kwamba damu ikitoka nyingi au mtoto akikwama, daktari aliyepo ndiye, awe nani awavyo. Na akija mwanamume, mama au dada yake akae upande wa kichwa chake, amshike mkono, na kanga iwe tayari.