Mashtaka Dhidi ya Simu ya Jana

Tarehe 9 Januari 2007, katika ukumbi wa Moscone mjini San Francisco, Steve Jobs aliwachekesha watu kabla ya kuwaonyesha kitu. Alitupia kwenye skrini kubwa picha ya iPod iliyobandikwa gurudumu la kuzungusha namba, lile la simu za mezani za zamani, akasema hiyo ndiyo simu mpya ya Apple. Ukumbi ukaangua kicheko, na waliochekwa walijijua. Kwa muda mrefu wapenzi wa tetesi walikuwa wakiichora simu hiyo ambayo hakuna aliyeiona, na michoro mingi haikuwa mbali na ule mzaha: iPod ileile, gurudumu lilelile, namba zimeongezwa. Simu yenyewe ilikuja kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni, na miezi ile iliyokaribia sita kati ya tangazo na mauzo ilijaa ubishi wa kila aina kuhusu kitu ambacho wabishi hawajakishika. Desturi hiyo tunayo mpaka leo. Kila simu kubwa hutanguliwa na msimu wake wa picha zilizovuja, makisio ya bei na ugomvi wa mashabiki. Ni rahisi kuucheka ubishi huo kwa kuwa ubashiri wake hukosea mno. Mimi naona tunausoma vibaya. Watu wanaobishana kuhusu simu ya kesho huwa wanaishtaki simu ya jana, na ukiyasoma maneno yao kama hati ya mashtaka, utakuta shahidi mwaminifu kuliko wengi.

Tuanze na mashtaka yalivyokuwa kabla ya Januari ile. Septemba 2005 Motorola na Apple walikuwa wametoa simu ya pamoja, ROKR E1, iliyoweza kupiga muziki wa iTunes. Iliwekewa kikomo cha nyimbo 100. Hata kama kumbukumbu yake ilibaki na nafasi, wimbo wa 101 haukuingia. Mtu aliyekuwa na iPod mfuko mmoja na simu mfuko wa pili aliona wazi kwamba ametengenezewa kifaa kilichofungwa miguu makusudi. Kampuni za mtandao nazo zilikuwa na sauti kubwa juu ya kile simu inaruhusiwa kufanya, na intaneti ya simuni ilikuwa kivuli cha intaneti ya kompyuta. Kwa hiyo waliochora iPod yenye namba hawakuwa wapumbavu. Kama maono ya siku zijazo, mchoro wao ulikuwa kichekesho, lakini kama malalamiko ulisema jambo moja lililo sawa: tumechoka kubeba vitu viwili. Hata jina walilipata sawa, ingawa lilikuwa mali ya mwingine. Cisco ndiyo iliyokuwa na haki ya jina iPhone, na wiki chache tu kabla ya tangazo ilikuwa imelitumia kwa simu za Linksys. Ilifungua kesi siku moja baada ya hotuba ya Jobs, na pande zote mbili zikapatana Februari.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa kioo. Septemba 2005 Apple ilitoa iPod nano, kifaa chembamba cha kupendeza, na wiki chache baadaye wanunuzi walikuwa wanaonyesha skrini zilizokwaruzwa kwa kuwekwa mfukoni tu pamoja na funguo na sarafu. Oktoba suala hilo lilikuwa limefika mahakamani. Basi simu yenye skrini iliyotanda uso mzima ilipotangazwa, swali la kwanza la aliyewahi kuumizwa na nano halikuwa gumu kulikisia. Simu iliyoonyeshwa Januari ilikuwa na uso wa plastiki. Tarehe 18 Juni, siku 11 kabla ya mauzo, Apple ilitangaza kwamba uso huo utakuwa wa kioo, na kwamba betri itahimili saa 8 za mazungumzo badala ya 5 zilizotajwa mwanzoni. Sidai kwamba wabishi ndio walioibadilisha simu. Wahandisi walikuwa na mifuko yao na funguo zao. Ila mikwaruzo na chaji, mambo mawili yaliyorekebishwa dakika za mwisho, ni kero zilezile ambazo mtumiaji wa kawaida angekutajia ukimwamsha usiku wa manane.

Baada ya tangazo, orodha ya mashtaka ilirefuka. Simu ilitumia mtandao wa EDGE wakati washindani tayari walikuwa na 3G. Haikuruhusu programu za watu wengine, ilhali wenye simu za Treo na Nokia walizoea kujiwekea programu watakazo. Haikuweza kunakili maneno na kuyabandika pengine. Haikutuma picha kwa ujumbe wa kawaida. Bei ya dola 499 au 599, tena ukiwa umejifunga kwa mkataba wa miaka miwili, iliitwa wazimu. Sasa fuata kalenda. Bei ya simu ya dola 599 ilipunguzwa kwa dola 200 tarehe 5 Septemba, kabla miezi mitatu haijatimia, na waliokuwa wamewahi foleni walipiga kelele hadi wakapewa fidia ya dola 100 ya kununulia bidhaa dukani. Juni 2007 Jobs aliwaambia watengenezaji wa programu watosheke na kurasa za wavuti, Oktoba akakubali kuwafungulia mlango, na Julai 2008 duka la programu likaanza na programu zipatazo 500. 3G ilifika mwezi huohuo. Kunakili na kubandika, pamoja na ujumbe wa picha, vilikuja na toleo la Juni 2009. Ndani ya miaka miwili karibu kila shtaka lilikuwa limekubaliwa na mshtakiwa mwenyewe. Sijui mabaraza mengi ya wataalamu yenye rekodi kama hiyo.

Msomaji makini atauliza: na vitufe je? Hilo lilikuwa shtaka kubwa kuliko yote. Steve Ballmer wa Microsoft alicheka mbele ya kamera, akisema simu ya bei ile isiyo na kibodi haitawavutia watu wa biashara kwa kuwa haifai kuandikia barua pepe. Historia imemcheka yeye. Hapa nakubali kwamba kanuni yangu inalegea, lakini haivunjiki. Kulalamikia kinachokuumiza ni tofauti na kuhofia kunyang'anywa ulichokizoea. Aliyesema skrini inakwaruzika alikuwa ameziona skrini zilizokwaruzika. Aliyesema vidole haviwezi kuandika kwenye kioo kitupu alikuwa akikisia kuhusu kioo ambacho hajakigusa. Zaidi ya hapo, wenye vidole vilivyozoea BlackBerry hawakuwa wanadanganya kuhusu nafsi zao: mauzo ya BlackBerry yaliendelea kupanda kwa miaka kadhaa baada ya 2007. Kwa mtu aliyeandika barua 80 kwa siku huku akitembea bila kutazama simu, kioo kilikuwa hasara ya kweli. Hasara hiyo haikulipwa kamwe. Ilisahaulika tu, kama zinavyosahaulika hasara nyingi za wachache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huenda ubishi wote huo hupikwa na kampuni zenyewe, na mnunuzi ni ngoma inayopigwa tu. Usiri wa Apple kweli ulikuwa tangazo la bure. Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa imeishtaki tovuti ya tetesi ya Think Secret Januari 2005, na kesi ikaisha Desemba 2007 kwa mapatano yaliyoifunga tovuti. Anayetengeneza tetesi kwa makusudi hana haja ya kumburuta mtoa tetesi mahakamani kwa karibu miaka mitatu. Tena tuna jaribio la upande wa pili. Mwaka 2014 Amazon ilijaribu kuamsha hamu kwa video ya watu wakishangaa kitu kisichoonekana, kisha Juni ikazindua Fire Phone, yenye kamera nne usoni za kufuata kichwa cha mtumiaji ili picha zionekane na kina. Iliuzwa dola 199 kwa mkataba. Kufikia Septemba bei ilikuwa senti 99, na Oktoba kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 170, sehemu kubwa yake ikitokana na simu hiyo. Pesa ya matangazo haikukosekana. Kilichokosekana ni mlalamikaji, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kulala vibaya kwa sababu picha za simu yake hazina kina.

Limebaki swali la nani alikuwa analalamika. Kesi ya 2007 ilisikilizwa kwa mashahidi wenye umeme ukutani na mkataba wa kila mwezi. Afrika Mashariki ilikuwa na mashtaka yake, na mengine yalikuwa tayari yamejibiwa. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na vitufe visivyopitisha vumbi na tochi kichwani, na iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Watanzania wakaziita simu za namna hiyo vitochi, Wakenya mulika mwizi. Katikati ya ile miezi ya kuisubiri iPhone, Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa juu ya simu hizohizo, kwa watu waliokuwa wameanza zamani kutumiana vocha badala ya pesa taslimu. Ila kero moja ilidumu: laini. Kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuvuka kwenda mwingine, kwa hiyo mtu alikuwa na laini mbili au tatu na simu moja. Laini ya pili ilikaa kwenye pochi, imefungwa kwa kipande cha karatasi. Ili umpigie shemeji ulizima simu, ukabandua kava, ukatoa betri, ukachomoa na kuchomeka, ukasubiri iwake, na baada ya miezi ya kufanya hivyo kava lililegea mpaka likashikiliwa kwa mpira. Hakuna ukumbi uliokodiwa kulijadili jambo hili. Lilijadiliwa kwenye meza za mafundi na vibanda vya Kariakoo na Luthuli Avenue, ambako swali la mnunuzi lilikuwa fupi: inakula laini ngapi, na inakaa na chaji?

Simu za Kichina za laini mbili, Tecno zikiwa mojawapo, zilijibu mapema. Nokia, aliyekuwa mfalme wa soko hilo, alitangaza za kwake Juni 2010, akiwa amechelewa kwa miaka. Huko Cupertino, makao ya Apple, shtaka lilichukua muda mrefu zaidi kufika. Tarehe 12 Septemba 2018, kwenye jukwaa la ukumbi uliopewa jina la Jobs, Apple iliitangaza iPhone XS, na miongoni mwa mambo mapya yaliyopigiwa makofi siku hiyo ni kwamba mtu sasa ataweza kuwa na laini mbili ndani ya simu moja.