Ugonjwa Usio na Jina

Kwetu Masumbwe surua ina jina, tena la kuogopwa. Rubella haikuwa na jina. Mtoto anatoka vipele, homa kidogo, siku tatu tu yumo mtaani anacheza. Nani atahangaika kuubatiza ugonjwa kama huo?

Kumbe hatari ilikuwa kwa aliye tumboni. Mama akiambukizwa mimba ikiwa changa, yeye hupona, lakini mwanawe aweza kuzaliwa kiziwi, au na tundu moyoni, au na mtoto wa jicho. Aliyeling'amua jambo hilo mwaka 1941 ni Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia. Chanjo ikaruhusiwa Marekani mwaka 1969. Tanzania tukaipata 2014. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 45!

Ndani ya miaka hiyo jirani yetu alijifungua mtoto asiyesikia. Sisemi ilikuwa rubella, hakuna aliyempima. Ninachokumbuka ni maneno ya kisimani: eti baba yake, mchimbaji, alimtoa mtoto masikio kafara ili apate dhahabu. Mama yule akaacha kuteka maji mchana.

Oktoba 2014 ikaja kampeni ya nchi nzima: sindano moja ya surua na rubella, watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, zaidi ya milioni 20. Vijiweni watu wakacheka: wavulana wachanjwe ya nini, kwani watabeba mimba? Lakini mvulana ndiye anayevipeleka virusi kwa mama yake mjamzito. Tena kuchanja wachache kuna balaa lake. Ugonjwa ukipungua nusunusu, wasichana hukua bila kuugua, wakaja kukutana nao ukubwani, wakiwa na mimba. Ndiyo maana walianza kwa kuwazoa wote, kisha chanjo ikabaki kliniki, miezi 9 na miezi 18.

Kampeni zilirudiwa 2019 na 2024, kwa watoto wadogo. Kwetu kazi si nyepesi: wachimbaji wanahama rashi hadi rashi na familia zao, kadi ya kliniki imesahaulika kambi ya nyuma.

Mtoto yule sasa ni fundi cherehani. Tunasalimiana kwa mikono. Mwaka jana nilimsimulia mama yake habari za Gregg. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akauliza:

"Kwa hiyo mwanangu, inawezekana haikuwa sisi?"